Kipindi cha Arobaini na Tatu

Narekodi ghalani, nyuma ya magunia,
kwa sababu juti humeza mwangwi
na kwa sababu Chilumba, mlinzi, ni shemeji yangu.
Simu nimeiegemeza kwenye mzani mbovu.
Nje, ukungu wa Newala umekaa barazani
kama mgeni asiyejua kuaga.

Sina chama, sina kituo, sina mfadhili.
Nina bando la wiki na daftari lililolowa pembeni.
Majimbo yao nimeyahifadhi kama mtoto wa chuoni:
Ohayo, Jojia, Pensilvania.
Najua lipi huyumba mwaka wa uchaguzi;
diwani wetu, nikimkuta dukani, namsahau jina.

Wasikilizaji mia mbili na kumi na wanne.
Mmoja yuko Maskati.
Wawili ni askari magereza wa Lilungu,
hunisikiliza zamu ya usiku, wakabishana hadi asubuhi.

Nilikuwa hodari wa kueleza, sikatai.
Dola, nilisema, ni boza la maji:
likikwama kule bondeni
sisi wa juu ndio tunaonawa kwa umande.
Watu walipenda hiyo. Walinitumia vikopa vyekundu.
Nikavimba.

Kipindi cha arobaini na moja kilikuwa cha ushuru.
Nilisema (nimeirudia sauti, nimeisikiliza, ni yangu):
"Ukipita huu, Mmarekani atapunguza kula korosho,
na bei ya mnada itaanguka kabla ya mwezi kwisha."
Sikusema *huenda*.
Huenda, niliona, ni neno la waoga.

Kitangari, Bi Asumini Nantanga
alikuwa amelala chali, simu ya mjukuu kifuani.
Kesho yake usiku aliita kangomba.
Walikuja na bakuli na tochi,
wakapima, wakapima, wakalipa bei ya kutupa.
Magunia saba. Ada ya shule ya mwaka mzima.

Ijumaa, mnada. Bei ikapanda.
Kwa nini? Meli, mvua, viwanda vya Vietnamu, sijui.
Nimesoma sababu kumi na moja.
Hata moja si ile yangu.

Mdomo huponza kichwa, watu husema.
Wangu kichwa ulikiacha salama,
ukaponza magunia saba ya mtu mwingine.

Alikuja Jumanne, vumbi jekundu hadi magotini.
Nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa,
tusi lingekuwa risiti, ningelikunja, ningelitia mfukoni.
Aliketi. Akafungua pindo la kanga,
akanipa korosho tano za kuchoma, moja imeungua,
akasema: "Mwanangu, wiki iliyopita hukutoka hewani.
Haya. Wamarekani wanasemaje?"

Ile iliyoungua ndiyo niliyoila kwanza.

Kwa hiyo leo naanza hivi:
Naitwa Fadhina Chipoka.
Marekani sijafika. Dodoma pia sijafika.
Ninayoyajua nimeyasoma kwa mwanga wa simu,
mengine nimeyakisia, na sikuwaambia lipi ni lipi.
Wiki mbili zilizopita nilikosea,
na kosa langu lilikuwa na uzito:
kilo mia tano na sitini, bila kuhesabu mjukuu.

Halafu nasoma habari za huko. Bunge lao limegoma
kupitisha bajeti; wafanyakazi wamerudishwa nyumbani;
riba imebaki pale pale.
Nasema maana yake kwetu ni nini, nikifika ukingoni
mwa ninachokijua, nasimama, nanyamaza kidogo.
Chilumba anakohoa. Sikati.

Bi Asumini kakataa kwenda nyumbani.
Yuko juu ya gunia, viganja wazi mapajani,
kila nikisema *huenda* anakunja kidole.
Vidole tisa hadi sasa.
Ameninyooshea kile cha kumi, kinasubiri.