Kibati cha Mlangoni

Leland amekumba makombo ya mkate kwa kiganja,
akatandaza karatasi.
Mimi nimeshika kalamu. Miaka kumi na tisa
niliandika vitabu vya duka la chakula cha mifugo hapa Shattuck,
najua tarakimu inavyonuka inapoanza kuoza.

Andika, anasema. Pikapu tunayo.
Tunayo, na deni lake tunalo. Naandika yote mawili.
Tela la mtumba, kutoka kwa mjane wa Enid
aliyelia akipokea pesa, na hakupunguza hata senti.
Minyororo, kamba, turubai.
Namba ya serikali, bure.
Kibali cha kubeba mali ya watu, dola mia tatu,
hazirudi hata ukifa kesho yake.
Cheti cha daktari: vuta pumzi, kohoa, soma herufi za ukutani.
Bima.

Hapo kalamu inasimama.
Wakala wa Amarillo ametaja bei kwenye simu
kwa sauti ya mtu anayeagiza kahawa.
Ni mwaka wako wa kwanza, bwana, alisema,
kana kwamba mwaka wa kwanza ni ugonjwa
na sisi tumeuficha.
Malipo ya kuanzia tu yatameza kiinua mgongo chote
alichopewa Machi, walipofunga kisima.

Dalali hulipa baada ya siku thelathini.
Dizeli hulipwa pampuni, papo hapo.
Hilo nimeliandika pembeni, bila tarakimu.

Jumamosi alipanda kwenye mizani ya ghala la ngano,
pikapu, tela, na mabomba ya mzee Schoenhals juu yake.
Akarudi anacheka: ratili elfu kumi na tisa, Arvella!
Chini ya elfu ishirini na sita.
Leseni kubwa ya nini? Shule ya nini,
wiki nne bila kipato, darasani na vijana wa chunusi?

Nikachukua tochi, nikatoka kwenye upepo.
Nikasoma kibati cha mlango wa dereva,
nikachuchumaa, nikafuta tope, nikasoma cha tela.
Kumi na nne. Kumi na nne.
Nikarudi ndani na nywele zimejaa vumbi.
Sheria, nikamwambia, haipimi ulichobeba.
Hupima unachoweza kubeba.

Alinyamaza muda mrefu.
Alizungusha kikombe, akakitazama kitako chake
kama kwamba nacho kina kibati.
Basi, akasema,
hao ndio watu wa kwanza tangu Machi
kuandika mahali kwamba naweza.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Yetu, ikipotea, itapotea na habari zote,
mstari kwa mstari, kwa mwandiko wangu.
Nimeongeza: ada ya shule. Wiki nne.
Naye ameinuka kutafuta miwani yake,
anauliza kama darasa huanza saa ngapi,
na kama wanaruhusu mtu aje na chakula chake.