Mkate wa Sungura

Ginter, kaka yangu,
leo nimekata mkate nikaufunga kwa gazeti.
Kwa ajili ya nani, sijui. Mikono ndiyo iliyoamua.

Theluji ya Februari imeshapata rangi ya masizi.
Mgodi umefungwa, huu mwaka wa nane,
king'ora hakilii tena saa kumi na mbili asubuhi,
lakini mimi huamka.

Baba alipofukiwa ulikuwa na miaka kumi na saba,
mimi nilikuwa na minne,
Mama alikuwa na ukimya.
Ukaivaa kofia yake ya chuma, ikakupwaya,
ukaishindilia matambara, ukaingia kizimbani,
ukashushwa mita mia saba chini ya kitanda changu.
Usiku niliweka sikio sakafuni
nikidhani nitaisikia sururu yako.

Ulirudi, ukanawa, na weusi ukabaki kwenye kope
kama wanja wa bibi harusi. Tulikucheka.
Kisha mkono ukazama mfukoni:
"Truda, nimekutana na sungura njiani.
Kanipa hiki, kasema nikuletee."
Kipande cha mkate, mafuta ya nguruwe, chumvi,
kingo zimekauka, kinanuka makaa na jasho.
Hadi leo sijala kitu kitamu kama kile.

Nilimwamini yule sungura kuliko Katekisimu.
Nilimwombea kila jioni,
baada ya marehemu Baba, kabla ya njiwa wako.
Padre Wencel alicheka hadi akakohoa
nilipoungama kwamba nimemwomba vipande viwili.

Haya, niseme na lile la hospitali.
Koo lako lilikuwa limekataa kila kitu, hata mchuzi.
Padre kijana akaimega Hostia,
punje isiyozidi ukucha wa mtoto mchanga,
akakulisha kwa kijiko cha maji.
Ulifumba macho muda mrefu, nikaogopa.
Halafu ukanitazama, ukanikonyeza, ukanong'ona:
"Imetoka kwa sungura."
Padre hakuelewa.
Mimi nilielewa nusu.

Nusu ya pili niliipata langoni pa makaburi.
Mzee Alfons Kocur, mliyevunja naye mwamba,
alinishika kiwiko, pumzi inamkwaruza:
"Alikuwa hali, unajua? Sisi tukikaa kula,
yeye anafungua, anatazama, anafunga.
Tukamwambia, Ginter, utaanguka wewe.
Akasema, nina mdogo wangu nyumbani."

Nina miaka sitini na tatu.
Alhamisi iliyopita ndipo nimejua
kwamba kwa miaka tisa
nilikula chakula chako cha mchana.

Bwana, sikuja kukulaumu, ingawa usiku ule nilikulaumu,
nikaligeuza tazama ya msalaba ukutani
kama mtu aliyenuna. Asubuhi nikaigeuza tena.
Wewe uliyejimega mezani
huku ukijua nani atakuuza, nani atalala bustanini,
asante kwa kunionyesha sura yako mapema hivyo,
ikiwa na masizi kwenye kope.
Asante kwa njaa yake ambayo sikuiona.
Mpokee. Mketishe karibu na chakula,
na umkataze, tafadhali, kuficha kitu mfukoni.

Njiwa wako nimempa Kocur. Wawili wamerudi,
wamekaa juu ya banda tupu wananitazama
kana kwamba nimesahau neno fulani.

Ghorofani amehamia mwanamke na mtoto wa kiume,
Oleś, miaka mitano, viatu vyake vina ukubwa wa kesho.
Hukaa kwenye ngazi akimngoja mama yake.
Nimepita na gazeti langu mkononi.
"Nimekutana na sungura," nikamwambia.
Akanusa. Akatia shaka. Akala.
Kisha, mdomo umejaa, akauliza anaishi wapi.

Nikaonyesha chini.
Halafu nikajirekebisha, nikaonyesha juu.