Imekufa Nini?

Fuso imevutwa kwa mnyororo kutoka mlima wa Saranda,
matenga kumi na saba ya zabibu bado juu.
Nyuki wa Kizota wamepata habari kabla yetu.
Mama Nyemo anashuka, anaipiga boneti kofi moja:
"Imekufa."

Fundi Chilewa hamjibu. Anafuta mikono kwa kipande cha kanga
kilichobaki nusu ya jina lake,
kisha ananiambia mimi:
"Hilo ni neno la mwenye gari.
Fundi huuliza, imekufa nini?"

Mwaka wa tatu huu ananifundisha kusema.
Moshi mweupe, harufu tamu: gasketi ya hedi imeungua,
maji yanaingia yasikoalikwa.
Moshi wa bluu: ringi zimelika, inakunywa oili
kama mgeni asiyeaga.
Mweusi: nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza.
Ikimisi, silinda moja imegoma, wenzake wanabeba zamu yake.
Ikichemsha, usimlaumu jua wa Dodoma,
fungua rejeta uone matope.
Na ule mlio wa chini, ko, ko, ko,
kama mtu anayebisha mlango anaojua hautafunguliwa,
hizo ni beringi za konrodi.
Zima hapo hapo. Usiseme nifike tu Bahi.

"Niliusikia tangu Kigwe,"
anasema Mama Nyemo, hatutazami.
"Nikaongeza redio."

Tunafungua nati ya sampu.
Oili inatoka nzito, nyeusi, kidogo mno.
Fundi anachovya kidole, anakigeuza juani:
chenga zinameta kama samaki wadogo wa Mtera.
"Imenoki," anasema,
polepole, kama anayetaja jina la mtu kwa ndugu zake.

Naandika kwenye boksi la plagi:
krenki kuchongwa, beringi seti, konrodi ya tatu,
gasketi, oili lita kumi.
Mama Nyemo anasoma kwa midomo, anarudia bei,
kidole chake kikitelemka kama kwenye daftari la kikoba.
Halafu analigeuza boksi,
anaomba kalamu,
anaandika ZABIBU KILO 2,000,
analiegemeza kwenye lango la gereji.
Anakaa juu ya tairi letu bovu, vumbi likimpita.

Jioni matenga matatu yamekwisha.
Ananyoosha noti moja moja juu ya goti, ananiita.
"Kijana, hizi zinafufua nini?"

Nahesabu.
"Gasketi," nasema. "Na oili, si yote."