Kivuli cha Nembo

Mimi hupima watoto.
Bega, kifua, urefu wa mkono,
na inchi mbili za pindo nazikunja ndani,
kwa sababu mtoto hukua
na mshahara wa baba yake haukui.

Kibanda changu kiko nyuma ya stendi ya Arua.
Rangi mbili hunilisha:
buluu ya shule ya serikali, kule bondeni,
na zabibu ya Akademia, mlimani,
ambayo ina nembo mfukoni: mwenge, kitabu,
na maneno ya Kilatini ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza maana yake.

Bure, walituambia.
Bure hiyo ina orodha:
ufagio, karatasi, pesa ya uji,
pesa ya mtihani, pesa ya mlinzi wa usiku
anayelinda madirisha yasiyo na vioo.

Mwezi uliopita nilipeleka sketi tano bondeni
nikasoma ubao wa matangazo mlangoni kwa mwalimu mkuu.
Ruzuku ya muhula, kwa kila mwanafunzi, shilingi kadhaa.
Nikaitafsiri kwa lugha ninayoijua:
zipu moja,
vifungo sita,
uzi nusu kibonge.
Suruali yenyewe serikali bado haijaifikia.
Chini yake, kwa kalamu nyingine,
mtu alikuwa ameandika: Haijafika.

Watoto elfu moja na kumi na wawili.
Darasa la pili wanasoma kwa zamu,
wa asubuhi wakitoka benchi bado lina joto.

Redioni kulikuwa na bwana mwenye sauti ya asali.
Mzazi ana uhuru, alisema. Mzazi achague.
Pwani, nasikia, humwonya mtu kwamba mchagua nazi hupata koroma.
Huku hatuna minazi. Tuna muhogo,
na muhogo hauchaguliwi juu ya ardhi.
Unang'oa kwanza, ndipo unajua.

Juzi, nikiwa nimeshafunga nusu ya mlango,
aliingia Mwalimu Onzima na binti yake Ayikoru.
Yeye ndiye anayefundisha hesabu bondeni.
Alitaka kitambaa cha zabibu.
Hakunitazama.
Nikataja kifua, akaandika. Nikataja kiuno, akaandika.
Kisha nyuma ya karatasi ileile
akaweka mshahara juu, karo chini,
akatoa,
akatoa tena,
akaigeuza karatasi haraka kama mtu aliyefunua sufuria ya jirani.
Sikumlaumu. Nami nilishapita njia hiyo.

Candia wangu alisoma mlimani mihula miwili.
Mbuzi wa kwanza alikuwa muhula wa kwanza.
Wa pili hakuwa mbuzi, ilikuwa shamba la mama,
lile la kukodisha, upande wa kijito.
Wa tatu alirudi saa nne asubuhi
na bahasha iliyogundishwa vizuri sana.

Usiku huo nilichukua wembe, nikafumua nembo
uzi kwa uzi, nisitoboe shati,
maana bondeni pia shati jeupe linakubalika.
Mwenge ukatoka. Kitabu kikatoka.
Kilatini kilisumbua.

Lakini nembo ikiondoka, mfukoni hubaki mraba
mweupe kuliko shati lote.
Nimeufua kwa majivu, kwa sabuni ya mche, kwa jua la Januari.
Hautaki.
Sasa wananiletea wengine, wiki kwa wiki,
mama anasimama mlangoni na shati limekunjwa ndani ya kanga
kama anayeleta mgonjwa,
na mimi nafumua bila kuuliza, na sitozi.
Bondeni wakipanga mistari ya asubuhi
unaweza kuhesabu miraba hiyo kutoka barabarani.
Nilifika kumi na saba, kengele ikalia.

Ayikoru anakuja Jumamosi kuchukua sare yake.
Iko tayari, nimeipiga pasi.
Nembo nimeishona kwa mishono mirefu,
ile inayotoka kirahisi.
Na pindo, mwaka huu,
nimeanza kukunja inchi tatu.