Mistari Mitatu

Alfajiri hii Mufindi ukungu haujaamka,
umelalia misonobari kama ng'ombe mwenye mimba.
Nabeba kwangulio, chupa ya dawa
na glavu moja. Ya kushoto.
Ya kulia ilitobolewa na tindikali mwezi wa nne;
wakala alisema nyingine ipo njiani.
Njia gani hiyo, isiyofika kwetu?

Nakwangua gome, upana wa vidole vinne.
Utomvu unachungulia, hauna haraka.
Mama alinifundisha kukama:
chuchu moja muachie ndama.
Basi kila shina nalijeruhi upande mmoja tu,
wa pili naupumzisha mpaka mwakani.
Wenzangu hucheka: "Zelida anauguza miti!"
Mifuko yao hujaa Jumatano, yangu Jumamosi.
Ila miti ya Mgovano, iliyogemwa pande zote,
upepo wa Julai uliipitia kama mtu anayefagia.

Mzani wa wakala una maradhi yake:
kilo ishirini za nyumbani, barabarani ni kumi na saba.
Mwaka huu tumenunua wetu,
kwa kuku, kwa michango, kwa maneno mengi.
Umekaa ofisini kwa mtendaji
chini ya kitambaa cha maua, kama bibi harusi.

Hayo niliyasema mkutanoni bila kutetemeka.
Nililoshindwa kulisema ni langu:

mistari mitatu ya misonobari bondeni,
niliipanda mwenyewe, mwaka ule wa tamaa,
juu ya kinyungu cha mama,
palipotoa mahindi ya kuchoma
mwezi ambao wengine hununua unga.
Maji yakarudi nyuma, hatua kwa hatua,
kama mgeni aliyetukanwa kwa upole.
Sasa ndoo yangu inakwangua mchanga.

Jana nimeazima shoka.
Mstari wa kwanza umelala.
Mahali pake nimechomeka miche ya mivengi, kumi na miwili.
Miwili imeshaliwa na mbuzi wa Vaileti;
nikaenda kudai, tukagombana, tukanywa togwa.

Wa pili kesho, mgongo ukikubali.

Wa tatu bado una utomvu,
na ada ya Lusungu imo ndani yake.
Nautazama. Haujibu.
Chini kule kuna kitu kinanyonya, taratibu,
na sijui kama ni kiu yake
au ni yangu.