Unga wa Nakotyo

Karatasi ilibandikwa kwenye bati la banda la kupimia
kwa gundi ya uji wa muhogo. Mbuzi akala pembe moja,
ndiyo maana hadi leo sheria ya nne siijui.
Karani Mhando, mtu wa Tanga, alitusomea zilizobaki:
asiye na leseni asionekane na dhahabu ghafi,
asiye na leseni asiweke zebaki nyumbani,
mtu asipepete mchanga wa Mbwemkuru jua likishazama.
Likwata akauliza: na kuikanyaga, je?
Maana tunaikanyaga kila tukienda kuchota maji.
Karani hakuitafsiri.

Mimi nilikuwa mponda mawe.
Senti arobaini kwa siku na kibaba cha mtama.
Nilitwanga jiwe jeupe hadi likawa vumbi,
nikalichekecha,
na lililonasa kwenye kope zangu
nikaenda nalo nyumbani bila leseni.

Bwana Mizani, jina lake halisi lilitushinda mdomoni,
alinifundisha: anza na tindikali.
Jiwe likitoa povu la kijani, hiyo ni shaba inajisingizia.
Lisiposhtuka, subiri.
Kisha risasi, kisha kikombe cha majivu ya mifupa, kisha tanuri.
Kikombe hunywa risasi yote kama mchanga unavyokunywa mkojo,
juu ikabaki punje
ndogo kuliko yai la chawa.
Aliishusha kwa koleo kwenye mizani yenye nyumba ya kioo
na sisi tukakatazwa kupumua.
Hiyo haikuandikwa kwenye karatasi,
lakini ilishikwa kuliko zote.

Mwaka wa nzige mtu alipeleka neno ofisini
kwamba Nakotyo binti Chilumba anatwanga usiku.
Ni kweli, alitwanga usiku. Mchana alikuwa anachimba mizizi porini.
Askari wawili wakabeba kinu, mchi, ungo,
na unga, debe moja kasorobo.
Sheria ya saba: kinu chochote ndani ya maili moja
ni chombo cha uchimbaji
mpaka ithibitike vingine.

Nikaambiwa nipime unga.

Nikaumimina kwenye karai, nikatia maji, nikatia zebaki,
nikazungusha kama nilivyofundishwa,
kushoto, kushoto, tikisa.
Unga wa muhogo si mchanga. Uliniganda vidoleni,
zebaki ikapita katikati yake kama jicho linalotafuta,
ikarudi vilevile.
Nakotyo alikaa mlangoni, mtoto mgongoni,
akiitazama mikono yangu.
Mama yake na mama yangu walichezwa unyago mwaka mmoja.
Akasema, taratibu, kwa lugha yetu:
Unatafuta humo kitu gani
ambacho mimi niliyeumenya sikukiona?

Daftari likaandikwa.
Sampuli ya mia mbili na kumi na mbili. Aina: unga.
Mwenyewe: mwanamke. Dhahabu: hakuna.
Bwana Mizani akatia sahihi, akaamuru kinu kirudishwe
na unga pia, kwa kuwa Serikali haiibi.
Nikasema, Bwana, una zebaki.
Akasema, ichuje.
Nikaichuja kwa ngozi ya swala mpaka majogoo.
Ilitoka karibu yote.

Nilimwambia aumwage.
Aliniangalia, akaliangalia debe,
akajitwika.
Sikumfuata kuona kama moshi ulifuka kwake jioni ile.
Nilikuwa na zamu.

Banda limeliwa na mchwa, bati limeezeka zizi la mtu.
Mikono yangu inatetemeka, chai inamwagika kwenye sahani,
na mganga wa Ndanda aliponiuliza nilifanya kazi gani ujanani
nilimjibu: nilikuwa natwanga.

Usiku mwingine huiwaza sheria ya nne.
Huenda ilisema chakula cha mtu kisipimwe.
Huenda ilikataza mbuzi tu.
Yule mbuzi tulimchinja Idi iliyofuata,
na nyama yake, sitasema uongo, ilikuwa tamu.