Abiria wa Baridi

Pakiti imefika leo Mabela, kwa posta:
abiria ishirini na wanne, wa plastiki, wa baridi.
Makoti, skafu, kofia za sufu,
mmoja kabeba mbao za kutelezea juu ya theluji.
Nje joto limepita digrii arubaini na sita,
kiyoyozi kinakohoa.

Nawapanga juu ya gazeti.
Wembe, gundi, brashi ya unywele mmoja,
miwani jozi mbili, moja juu ya nyingine.
Mrefu wao hapiti punje tatu za mchele.

Kwanza skafu. Nazikwangua shingoni taratibu,
kinyozi wa watu wasio na nywele.
Koti la bibi huyu nalifunika kwa karatasi laini
iliyolowa gundi ya maji;
ikikauka, ni kanga.
Naipiga pindo, naitia na jina lake,
jina ambalo jicho la mtu halitalisoma.
Lakini kanga haitoki nyumbani bila jina.

Mbao za theluji nimezikata: fito za kitanda.
Sanduku limekuwa tenga la kuku.
Ncha ya kalamu, ukiipatia kuikata, ni debe la asali.
Na paa la stesheni, lililokuja na theluji yake toka kiwandani,
nimelipiga msasa mpaka likakumbuka kuwa bati.

Nchi hii nimeishi miaka hamsini,
sijapanda treni ndani yake.
Reli yangu ni duara juu ya meza ya chakula
na kituo chake ni kimoja: Tabora.
Niliondoka huko nimebebwa. Nakumbuka mgongo tu.

Mwenye mgongo ni mamangu, Bi Shinuna.
Baada ya alasiri husukumwa na kiti chake, aje kukagua.
Hongera hasemi. Husema:
"Udongo wetu haukuwa mwekundu hivyo."
Nachekecha upya mchanga wa wadi kwa kichungio cha chai.
"Na mwenye asali alikuwa mnene."
Namwongeza tumbo, tone moja la gundi.
"Zaidi. Alikuwa na raha zake yule."

Leo kamwinua mmoja kwa kibanio:
mwanamke, mkono juu, anapunga.
Kamtazama mpaka kahawa ikapoa.
"Siku tuliyoondoka hakuna aliyetupungia.
Walisimama tu. Aibu, au hofu, au jua.
Mshushe mkono."

Hashuki mkono mtu wa plastiki.
Nikaukata begani,
nikautafuta sakafuni nusu saa kwa tochi,
nikaugandisha ubavuni, kiganja kikitazama paja.
"Sasa namjua," akasema. Jina hakulitaja.

Usiku nikawasha umeme.
Treni ikatoka kwenye handaki la boksi la halua,
ikapita Tabora. Ikazunguka. Ikapita Tabora.
"Mbona haisimami?"
"Husimama, mama, ukitaka."
"Basi isimamishe. Watu washuke."

Nikazima.
Tukangoja sote, yeye, mimi,
na wale ishirini na wanne, nyayo zimeshikwa na gundi.
Kiyoyozi kikakohoa, kikanyamaza.
Milango ya behewa ni rangi tu, niliichora mwenyewe.

"Yule wa pembeni," akasema mwishowe,
"umemsahau ndala."